Kabla hujaagiza panya, msome kwanza kwenye kanzidata

Ukija mezani kwangu ukasema "nataka panya wa p53", yaani panya aliyebadilishwa jeni ya p53, sitakuuliza kwanza unatafiti nini. Nitakuuliza: panya yupi? Ana aleli gani (toleo gani la jeni), amezalishwa kwenye nasaba ipi (ukoo wa panya wa maabara), na namba yake kwenye hifadhi ya panya ni ngapi? Wengi hununa kidogo. Wanaona ni urasimu wa mtu wa data aliyekosa kazi ya kufanya. Kisha tunaketi mbele ya kompyuta, na haichukui muda kugundua kwamba nyuma ya lile jina moja kuna orodha ndefu ya panya wasiofanana: mmoja amefutiwa jeni nzima, mwingine kabadilishiwa herufi moja tu ya DNA, mwingine jeni yake inazimwa kwenye ini peke yake, na baadhi yao wapo tu kama mbegu za kiume zilizogandishwa kwenye tangi la naitrojeni.

Jina la jeni ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni panya mwenyewe. Naandika hapa namna ninavyompata huyo panya kwenye kanzidata za mtandaoni. Nitakazozitaja zote ni za bure na huhitaji akaunti ili kutafuta.

Anzia MGI

Injini ya utafutaji itakupeleka popote, lakini wewe anzia Mouse Genome Informatics, yaani MGI, kwenye informatics.jax.org. Inatunzwa na Jackson Laboratory iliyoko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Ni maabara iliyoanzishwa mwaka 1929 na Clarence Cook Little, yule yule aliyeanzisha nasaba ya C57BL mwaka 1921. Sababu ya kuipenda MGI si ukubwa wake. Kuna watu pale ambao kazi yao ni kusoma makala za watafiti na kuziandika upya kwa msamiati mmoja uliokubaliwa: aleli hii, kwenye usuli huu (nasaba iliyobeba aleli), ilionyesha sifa hizi, chanzo ni makala hii. Usipoelewa kitu, unafuata makala mpaka kwenye picha yenyewe.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Mwanafunzi anatafiti unene na anataka "panya wa ob/ob". Andika Lep, alama ya jeni yake, kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukiandika obese, jina la zamani, pia utafika, kwa sababu ukurasa wa jeni huhifadhi majina yote ambayo jeni imewahi kuitwa. Juu ya ukurasa utaona alama ya jeni, jina lake kamili ambalo ni leptini, na namba: MGI:104663.

Nakili namba hiyo sasa hivi, kabla hujasoma chochote kingine. Alama za jeni hubadilika, namba haibadiliki. Jeni ambayo makala nyingi huiita Casp11 leo MGI inaiita Casp4. Jeni zilizoitwa March1 na Sept2 zimekuwa Marchf1 na Septin2, na sababu yake nitaifikia. Mtu aliyeandika alama tu kwenye daftari lake miaka kadhaa iliyopita atahangaika. Aliyeandika namba ataibandika na ukurasa utafunguka.

Halafu angalia maumbo ya herufi. Jeni ya binadamu huandikwa kwa herufi kubwa zote, TP53, ndiyo ile p53 tuliyoanza nayo. Ya panya huanza na kubwa kisha ndogo, na wakati mwingine hata herufi zenyewe si zile zile: Trp53. Ukiona mtu ameandika TP53 kwenye sehemu ya makala inayozungumzia panya, msome kwa tahadhari. Na kuna jeni za binadamu ambazo panya hana kabisa. Kila mwaka lazima atokee mtu wa kuniambia MGI imeharibika kwa sababu hakupata Il8. Haijaharibika. Panya hana jeni inayolingana moja kwa moja na CXCL8 ya binadamu, ambalo ndilo jina la sasa la IL8. Kazi zinazofanana na zake hufanywa na jeni kama Cxcl1 na Cxcl2. Afadhali kulijua hilo leo kuliko baada ya kununua kingamwili.

Ukurasa wa jeni hauna panya

Katikati ya ukurasa wa jeni kuna safu ya miraba midogo, kila mmoja ukiwakilisha mfumo wa mwili: uzazi, neva, mifupa, kinga, na kadhalika. Mraba wa buluu maana yake kuna tatizo lililoripotiwa kwenye mfumo huo. Ni picha nzuri, na ndiyo inayopotosha kuliko zote. Miraba ile inajumlisha aleli zote za jeni hiyo kutoka makala zote. Mraba wa moyo unaweza kuwa wa buluu kwa sababu ya aleli moja ambayo huna mpango wa kuitumia. Usiinakili safu ile kwenye andiko la mradi wako ukasema "panya hawa wana matatizo ya moyo". Bofya, shuka chini mpaka kwenye aleli.

Kwa mfano wetu, aleli ni Lepᵒᵇ. Ilijitokeza yenyewe katika Jackson Laboratory mwaka 1949, walipoonekana panya wanene kupita kiasi. Jeni yenyewe haikujulikana hadi 1994, maabara ya Jeffrey Friedman ilipoitambua. Ukurasa wa aleli unakueleza hitilafu ilivyo: kodoni (kundi la herufi tatu za DNA) ya 105, iliyopaswa kuleta asidi amino ya ajinini, imegeuka kuwa ishara ya kusimama, hivyo protini inakatika njiani.

Sasa fika kwenye jedwali la fenotaipu, yaani sifa zinazoonekana kwa mnyama. Vichwa vya safu ni vifupi vya ajabu: hm1, hm2, ht3, cn4, cx5. Wengi huviruka. Usiviruke, maana jibu lako limo humo. Herufi hm ni homozaigoti, panya mwenye nakala mbili za aleli ile ile. Ht ni heterozaigoti. Cn ni aleli inayozimwa kwa masharti, mara nyingi kwa msaada wa Cre, kimeng'enya kinachokata jeni kwenye tishu iliyochaguliwa. Cx ni panya mwenye mabadiliko kwenye zaidi ya jeni moja. Na namba inayofuata inatenganisha usuli: hm1 na hm2 ni panya wenye aleli ile ile kabisa, waliowekwa kwenye nasaba tofauti.

Linganisha sasa. Panya wa Lepᵒᵇ kwenye C57BL/6J ni mnene, anakula sana, na sukari yake ya damu hupanda kiasi kisha mara nyingi hushuka kadiri anavyokua, maana kongosho lake hujitutumua na kutoa insulini nyingi. Aleli hiyo hiyo ukiipeleka kwenye nasaba ya C57BLKS, unapata kisukari kikali, na seli zinazotengeneza insulini zinaharibika. Hitilafu ni moja kwenye kodoni moja, wagonjwa ni wawili tofauti. Mtu anayetaka kutafiti unene bila kisukari kikali anamhitaji wa kwanza. Anayetafiti madhara ya kisukari pengine anamhitaji wa pili. Wote wawili makala za haraka haraka huwaita "panya wa ob/ob".

Kwenye usuli utakutana pia na neno "involves:" likifuatiwa na majina ya nasaba, kwa mfano involves: 129S2/SvPas * C57BL/6. Hiyo ni namna ya watunzaji kusema kwa adabu kwamba mwandishi wa makala hakueleza vizuri damu ya panya wake, au ilikuwa mchanganyiko. Matokeo ya namna hiyo nayasoma, lakini sijengi juu yake hesabu ya idadi ya wanyama.

Kitu cha mwisho hapa: ndani ya jedwali la kina, herufi N maana yake sifa hiyo ilipimwa na ikaonekana ya kawaida. Nafasi tupu maana yake hakuna taarifa. Vitu viwili tofauti kabisa, na nimeona andiko la mradi likivichukulia kuwa kimoja.

Jifunze kusoma jina la panya

Majina ya panya yanaonekana kama maandishi ya mashine, lakini kila alama ina kazi. Huyu hapa anayepatikana Jackson kwa namba 002101:

B6.129S2-Trp53ᵗᵐ¹ᵀʸʲ/J

B6 ni kifupi cha C57BL/6, nasaba iliyopokea mabadiliko. Nukta inayofuata ndiyo alama ndogo yenye uzito kuliko zote: inasema panya amerudishwa kwa kuzalishwa na B6 kizazi baada ya kizazi, kwa kawaida angalau vizazi 10, mpaka karibu DNA yake yote ikawa ya B6. 129S2 ni nasaba iliyotoa mabadiliko. Kisha jeni, Trp53. Juu yake, tm1 ni badiliko la kwanza lililolengwa kwenye jeni hiyo na maabara husika, na Tyj ni msimbo wa maabara ya Tyler Jacks. J ya mwisho ni Jackson, wanaomtunza.

Badilisha nukta iwe nukta-mkato, B6;129S2, na maana inageuka: sasa ni mchanganyiko wa nasaba hizo mbili. Ndugu wawili wa uzao mmoja wanaweza kutofautiana kwenye maelfu ya sehemu za jenomu, mbali kabisa na jeni unayoitafiti. Anayetumia panya hao huku kikundi chake cha kulinganishia ni C57BL/6J walioagizwa kutoka kwa muuzaji, halinganishi aleli, analinganisha ukoo. Huyo hahitaji takwimu ngumu zaidi. Anahitaji ndugu wa uzao ule ule wasio na badiliko.

Ukiona Cg badala ya jina la nasaba mtoaji, kama kwenye B6.Cg-Lepᵒᵇ/J (namba 000632), maana yake badiliko lilipitia nasaba zaidi ya moja kabla ya kufika. Ukiona em1 badala ya tm1, limetengenezwa kwa CRISPR au kimeng'enya kingine cha kukata DNA. Ukiona Tg mwanzoni, ni jeni ya kupandikizwa: Tg(Alb-cre)21Mgn ni Cre inayoongozwa na kichochezi cha albumini, ukoo wa 21, maabara ya Mark Magnuson.

Nukta yenyewe usiiamini kupita kiasi

Hata baada ya vizazi 10 kuna kitu kinachobaki. Kila kizazi kinapunguza DNA ya mtoaji kwa nusu, ila si karibu na jeni unayoichagua. Kila ukimchagua mtoto mwenye badiliko, unachagua pia kipande cha kromosomu kilichoshikana nalo. Kipande hicho kinasafiri bila tiketi, na kikibeba hitilafu yake, utamsingizia jeni asiyehusika.

Kisa cha Casp1 kila mtu anayeagiza panya anapaswa kukijua. Panya wa kwanza waliofutiwa Casp1 waliripotiwa mwaka 1995, wakitengenezwa kwa seli shina za kiinitete za nasaba ya 129. Walionekana kustahimili mshtuko unaosababishwa na sumu ya bakteria, na kwa miaka mingi sifa hiyo akapewa Casp1. Mwaka 2011 ikabainika kwamba nasaba za 129 zina hitilafu yao wenyewe kwenye Casp11: herufi tano za DNA zimekosekana mahali pa kuunganishia vipande vya ujumbe. Casp11 iko jirani kabisa na Casp1 kwenye kromosomu ya 9, karibu kiasi kwamba kuzalisha na B6 kusingeweza kuzitenganisha. Panya wale walikosa jeni zote mbili, na ustahimilivu ule mkubwa ulitokana na kukosa Casp11.

Kwa hiyo mtoaji akiwa 129, mimi hufanya hivi. Naangalia jeni yangu iko kromosomu gani na mahali gani. Naorodhesha jeni za jirani, milioni kadhaa za herufi kila upande. Kisha natazama kama nasaba ya mtoaji inatofautiana na B6 kwenye jeni hizo kwa namna inayoharibu protini. MGI ina utafutaji wa tofauti za herufi moja moja baina ya nasaba, na mradi wa Mouse Genomes wa taasisi ya Sanger ya Uingereza, uliochapisha jenomu za nasaba 17 mwaka 2011, una takwimu za kina zaidi. Ni kazi ya alasiri moja. Wasimamizi wengi hawaiombi; iombe mwenyewe.

Na wala usidhani B6 ni B6. C57BL/6J ya Jackson na C57BL/6N ya NIH (taasisi za afya za serikali ya Marekani) zilitengana mwaka 1951 na tangu hapo kila moja imejikusanyia hitilafu zake. 6J ina jeni ya Nnt iliyokatika, jambo linalogusa utoaji wa insulini na udhibiti wa sukari. 6N ina hitilafu ya rd8 kwenye Crb1, inayoharibu retina. Mtafiti wa macho anayetumia 6N bila kujua, na mtafiti wa kisukari anayechanganya 6J na 6N kwenye jaribio moja, wote wawili wanapima kitu wasichokikusudia. Jina likiandikwa "C57BL/6" tu bila herufi ya mwisho, rudisha barua uulize.

IMPC: uzuri na mipaka yake

Baada ya MGI nafungua mousephenotype.org, kanzidata ya International Mouse Phenotyping Consortium, ushirika ulioanzishwa mwaka 2011 kwa lengo la kuzima jeni za panya moja baada ya nyingine na kupima kila panya kwa utaratibu mmoja. MGI hukusanya walichoripoti watu waliokuwa na dhana zao. IMPC ilipima bila kuchagua. Kwa jeni isiyojulikana sana, hapa ndipo unapoweza kupata taarifa pekee iliyopo.

Kitu cha kwanza kuangalia ni uhai. Kama homozaigoti hufa kabla ya kuzaliwa, vipimo vya watu wazima vitakuwa vimefanywa kwa heterozaigoti, na hilo limeandikwa pale ukisoma vizuri. Kwenye uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, kati ya jeni 1,751 zilizozimwa, 410 zilikuwa za kuua. Si jambo la nadra hata kidogo. Ukipanga jaribio la panya wazima kwa jeni ya namna hiyo, unahitaji aleli ya masharti, na afadhali kulijua kabla ya kuandika bajeti.

Cha pili: kila ukoo hupimwa kwa lengo la madume saba na majike saba, na kiwango chao cha kutangaza tofauti ni kikali, p chini ya 0.0001. Kwa hiyo "hakuna tofauti" ya IMPC ina maana finyu: hakuna tofauti kubwa, kwenye vipimo walivyofanya, kwa panya ambao wengi ni vijana, wasio na maradhi. Fungua grafu yenyewe. Mara nyingine utaona madume yote saba yako upande mmoja wa wastani ila hayakufikia kiwango. Hilo si matokeo, lakini ni sababu nzuri ya kupanga jaribio lako mwenyewe.

Cha tatu: wanyama hawa ni wa 6N, ile nasaba niliyoitaja juu. Ukisoma matokeo ya jicho, kumbuka rd8.

Yuko wapi, na yuko katika hali gani

Kupata panya halisi, nenda findmice.org, ambayo ni International Mouse Strain Resource, IMSR. Inaunganisha orodha za hifadhi nyingi: Jackson, MMRRC ya Marekani, EMMA ya Ulaya, RIKEN BRC ya Japani na nyinginezo. Tafuta kwa jeni au kwa aleli. Macho yako yaende moja kwa moja kwenye safu ya hali: panya hai, viinitete vilivyogandishwa, mbegu zilizogandishwa, au seli shina tu.

Safu hiyo ndiyo inayoamua ratiba yako. Panya hai wanaweza kukufikia mapema. Mbegu zilizogandishwa lazima zirutubishe mayai ya panya wa kawaida, kwa hiyo kizazi cha kwanza hakiwezi kuwa na homozaigoti hata mmoja. Wakifika kwako, unawazalisha tena, unawapima DNA, ndipo unapata unaowataka. Seli shina ni safari ndefu zaidi, na haina uhakika.

Hesabu mapema. Panya wa Lepᵒᵇ wenye nakala mbili kwa kawaida hawazai, kwa hiyo utazalisha heterozaigoti kwa heterozaigoti, na robo tu ya watoto ndio utakaowatumia. Ukihitaji madume 12 na majike 12, unahitaji takriban watoto 96. Kwa watoto sita kila uzao, ni uzao 16, bado hujaondoa wanaokufa wachanga. Kamati ya maadili itakuuliza hao wengine 72 utawafanyia nini, na ni swali la haki. Sehemu ya jibu ni kwamba ndugu zao wasio na badiliko ndio kikundi chako cha kulinganishia.

Kwa Cre, MGI ina sehemu yake inayoonyesha kila ukoo wa Cre umeonekana ukifanya kazi kwenye tishu gani. Soma hasa tishu ambazo hukuzitarajia. Korodani na ovari ziangalie kwanza: Cre ikifanya kazi huko, watoto wanaweza kuzaliwa wakiwa wamefutiwa jeni mwili mzima.

Ukiwa na jeni mia mbili badala ya moja

Usizitafute moja moja. MGI ina chombo kinachoitwa Batch Query: unabandika orodha ya alama au namba, unachagua unataka kurudishiwa nini (mahali kwenye kromosomu, namba za Ensembl, fenotaipu, aleli, magonjwa ya binadamu), kisha unapakua. Bandika namba, si alama, kama unazo. Na kabla ya chochote, angalia safu ya zilizokosekana. Jeni zisizotambuliwa hazipigi kelele, na orodha yako itapungua polepole bila wewe kujua.

Pakua kama maandishi matupu, na ukiyafungua kwenye Excel, iambie kwanza kwamba safu ya alama ni maandishi. Programu hiyo hugeuza Sept2 na March1 kuwa tarehe. Mwaka 2016 watafiti waliopekua majedwali ya makala za jenomu walikuta karibu moja kati ya tano ya zile zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel zina makosa ya aina hii. Ndiyo sababu niliyokuahidi: mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba jeni hizo zimepewa majina mapya, na za panya zikafuata. Wanabiolojia walibadilisha majina ya jeni kwa sababu ya jedwali. Mimi bado hucheka nikikumbuka.

Ukihama kutoka binadamu kwenda panya, usibadilishe herufi kubwa kuwa ndogo ukaita hiyo tafsiri. Kwenye ukurasa wa ripoti za MGI kuna faili liitwalo HOM_MouseHumanSequence.rpt linalooanisha jeni za pande zote. Litumie, na ukubali kwamba si kila jeni ina pacha mmoja. Casp4 ya panya inalingana na CASP4 na CASP5 za binadamu kwa pamoja. Amua mapema utafanyaje na zenye pacha wawili, na uandike uamuzi huo mahali.

Ramani ya mwaka gani?

Ukichukua mahali pa jeni kutoka Ensembl, NCBI au UCSC, kanzidata nyingine za jenomu, andika toleo la jenomu pembeni yake. Toleo la sasa ni GRCm39, lililotoka mwaka 2020. UCSC huliita mm39. Kabla yake lilikuwa GRCm38, au mm10, na data nyingi sana bado ziko humo. Trp53 iko kromosomu ya 11 kote kote, lakini kwenye mm10 inaanzia karibu na herufi ya milioni 69.58, na kwenye mm39 karibu na milioni 69.47. Ni tofauti ya zaidi ya herufi laki moja. Ukitengeneza praima kwa namba za toleo moja ukitumia mfuatano wa lingine, utapata DNA ya jirani, tena safi kabisa kwenye jeli. UCSC wana chombo cha kuhamisha namba kutoka toleo moja hadi lingine, kiitwacho liftOver. Kitumie, kisha kagua kwa macho jeni mbili tatu.

Namba za Ensembl na NCBI za jeni moja hazifanani na za MGI, na hilo halina ubaya. Kwa Trp53 ni MGI:98834, ENSMUSG00000059552, na NCBI 22059. Ziweke zote kwenye mstari mmoja wa jedwali lako na hutakwama.

Unachoandika kwenye daftari na kwenye makala

Kwa kila panya anayeingia kwenye jaribio, mimi hutaka mstari wenye haya: namba ya MGI ya jeni, jina kamili la aleli, jina kamili la nasaba pamoja na nukta au nukta-mkato, hifadhi na namba yake, idadi ya vizazi alivyorudishwa kuzalishwa na nasaba yake baada ya kufika kwetu, na tarehe uliyofungua kanzidata. MGI husasishwa kila wiki. Tarehe si pambo. Kwenye makala, ongeza kitambulisho cha RRID. Cha C57BL/6J ni RRID:IMSR_JAX:000664. Msomaji akikibandika anampata panya yule yule, hata kama umekosea kuandika jina.

Kama panya umemtengeneza mwenyewe, usimbatize jina la kishujaa kisha umchapishe. Watunzaji wa MGI hupokea maombi ya majina ya aleli na nasaba mpya kabla ya makala kutoka, na taarifa huweza kubaki siri mpaka uchapishe. Utahitaji msimbo wa maabara yenu. Uliza kwanza kama taasisi haina tayari, maana mara nyingi upo na aliyeuomba alishastaafu. Tuma mfuatano kamili wa DNA kabla na baada ya badiliko, nasaba uliyoanzia mpaka herufi ya mwisho, na namba ya kila mnyama mwanzilishi, kwa sababu CRISPR mara nyingi humpa kila mmoja aleli yake. Hao watakuwa em1, em2, em3, kila mmoja na ukurasa wake.